Sosiete Yenu Inaitwa Namna Gani?

Ndugu raia, vijana wenzetu wa Kataki, wa Lubuye na wa pande zote mbili za Lukuga,

Kichwa cha maandiko haya hakikutoka kwetu. Ni swali ambalo mzee mmoja, inspekta wa kazi, aliwauliza wenzetu siku walipoenda kumlilia. Walikuwa vijana 19. Walibeba mawe na kuchimba mitaro ya barabara kwa wiki saba, jua na mvua. Kila Jumamosi walilipwa mkononi, bila karatasi. Jumamosi mbili za mwisho wakaambiwa: «Mungojee, patro iko mu njia, anakuya na makuta.» Jumatatu walipofika, kontena haiko, mashine haiko, hata mlinzi haiko. Kulibaki mashimo na rundo la kokoto.

Wakaenda kwa inspekta. Mzee aliwapokea muzuri, akatoa bic na karatasi, akauliza: «Batoto yangu, ile sosiete yenu inaitwa namna gani?»

Kimya. Mmoja akasema jina lililoandikwa kwenye lori. Mwingine akataja jina lililokuwa mgongoni kwa jile ya kapita. Wa tatu akataja jina la kapita mwenyewe, tena lile la mtaani. Majina matatu, na hakuna aliyejua kama hata moja lilikuwa la yule aliyepewa ile kazi na Leta. Mzee akaweka bic chini. «Sasa nimwite nani?»

Hatutaji sosiete hapa, maana hata sisi mpaka leo hatuwezi kuweka mkono juu ya jina na kusema ni hili. Na hiyo ndiyo shida tunayotaka kuongea nanyi leo. Siyo kwamba sheria hakuna. Sheria zipo mingi. Shida ni kwamba tunapigwa na mtu ambaye hatumjui jina, kisha tunaenda kushitaki kivuli.

Hapa kwetu kila mwenye mashine mbili na mlinzi tunamwita «sosiete». Tunasema sosiete imetunyonya, sosiete imekimbia, sosiete imeleta jezi za mupira. Lakini mbele ya sheria biashara iko na aina, na kila aina inajibu swali moja ambalo lina uzito kuliko yote: siku mambo yameharibika, nani analipa, na kwa mali ya nani?

Tembea mjini, inua macho, soma vibao. Ets, Ets, Ets. Wengi wetu tunafikiri hiyo Ets ni sosiete. Sivyo. Ets ni mtu mmoja anayefanya biashara kwa jina la kupendeza. Duka na mwenye duka ni kitu kimoja. Ukilidai duka umemdai yeye mwenyewe, na deni linaweza kumfuata mpaka kwenye gari lake na kwenye parseli aliyonunua mwaka jana. Anaweza kubadilisha kibao mara kumi. Mtu ni yule yule. Kwa hiyo ukifanya kazi kwa Ets, unalotakiwa kujua ni jina kamili la huyo mtu, jina la kwenye karatasi ya uchaguzi, siyo «Papa Fulani».

Sasa ukiona SARL, hapo mambo yamebadilika. Sheria imezaa mtu mwingine. Wanasheria wanamwita mtu wa sheria; sisi tumwite mtu wa karatasi. Ana jina lake, makao yake, mali yake, madeni yake. Anaweza kushitaki na kushitakiwa. Wale walioweka makuta ndani yake, wakipata hasara, wanapoteza yale waliyoweka, basi. Nyumba zao zinabaki. Ukishinda kesi unashika mali ya mtu wa karatasi, na kama mali yake ni meza moja na printa, utatoka na meza na printa.

Hatusemi hiyo ni wizi. Mama anayeuza ndakala akiungana na wenzake wawili kununua friza kubwa, ni haki asipoteze na nyumba ya watoto siku friza imeungua. Sheria iliona hivyo na sisi tunaona hivyo. Tena sasa hata mtu mmoja peke yake anaweza kufungua SARL. Ila tujue kwamba mlango huo ulijengwa kwa ajili ya mtu mwenye bahati mbaya, na kuna watu wanaoutumia kukimbilia. Anafungua SARL, anachukua kazi ya Leta, anakula, anaiacha tupu, mwezi ujao anafungua nyingine.

Wengi hawajui kwamba sheria imemwona na huyo. Inchi yetu iko ndani ya OHADA tangu 12 Septemba 2012. Ile sheria ya OHADA juu ya sosiete, iliyorekebishwa mwaka 2014, inasema jeran, yaani yule anayeongoza SARL, anajibu yeye mwenyewe kama amevunja sheria au ameongoza vibaya. Na sosiete ikifilisika kwa makosa ya viongozi wake, tribinali inaweza kuwaamuru walipe upungufu kutoka mifuko yao. Kwa hiyo jeran hawezi kukunja mikono na kusema «mimi ni mfanyakazi tu kama wewe». Lakini ili kumshika jeran, lazima umjue jeran. Tunarudi kwa swali la mzee.

Aina nyingine tupite haraka. Kuko SNC, ambapo wote walioungana wanajibu kwa pamoja na kwa mali yao yote, mmoja kwa deni la wote. Ni aina ya watu wanaoaminiana sana, ndugu au marafiki wa zamani. Kuko SA, nyumba ya wakubwa, yenye hisa na mkaguzi wa hesabu ambaye sheria inamlazimisha kuwepo. Kuko SAS, ambayo OHADA iliiingiza mwaka 2014, na ambayo wenye hisa wanaipanga karibu kama wanavyotaka kwa karatasi yao wenyewe. Na kuko yule mdogo kabisa, ambaye Wafaransa wamemwita «entreprenant»: fundi, muuza mikate, mutu wa kuchaji simu. Huyu anatoa tangazo tu kwa grefe, haandikishwi kama mfanyabiashara mkubwa.

Kujua hizi herufi hakuhitaji shule ya sheria. Kunahitaji macho. Sheria hiyo hiyo inalazimisha kila sosiete kuandika kwenye barua zake, faktira zake na matangazo yake: jina, aina, kapitali, makao na namba ya RCCM. Ile namba ndani yake iko na herufi. Ukiona A, ni mtu mmoja, kama yule wa Ets. Ukiona B, ni mtu wa karatasi. Na rejista yenyewe ilifanywa ili watu waione. Siyo siri ya grefie, siyo zawadi ya kununua kwa «makuta ya maji». Unaenda, unaomba, unalipa ada ya sheria, unadai risiti.

Turudi kwa wale 19, maana kuna jambo lingine ambalo wao hawakulijua, na sisi tulilijua kwa kuchelewa.

Kapita aliwaambia siku ya kwanza: «Ninyi ni jurnalie, hamuna kontra, hamuna haki.» Uongo mara mbili. Kodi ya kazi, sheria namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, inasema katika kifungu cha 40 kwamba ukiajiriwa siku kwa siku, na ukawa umefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukichukuliwa tena kabla ya ile miezi miwili kwisha, kontra yako inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Wiki saba! Pigeni hesabu wenyewe. Vijana wale walikuwa wafanyakazi kamili bila kujua, wenye haki ya kupewa notisi na kuandikishwa CNSS. Na kukosa karatasi hakumfai patro hata kidogo: sheria inasema kontra isiyoandikwa inachukuliwa kuwa ya muda usio na mwisho. Yaani yule aliyekataa kuandika amejifunga mwenyewe.

Na hapa aina ya biashara haibadilishi kitu. Ets, SARL, SA, shirika la msaada, kanisa lenye kujenga, wote wanapoajiri wanakutana na kodi ile ile. Tunaomba kila mwenye kusoma haya aandike namba hii, 22, nyuma ya mlango. Andika tarehe zako. Kila siku uliyofanya, weka kwenye daftari: tarehe, kazi, jina la kapita, makuta uliyopewa. Daftari la shule la falanga kidogo limeshinda maneno mengi mbele ya juji.

Kuko wengine wanatuambia: «Hao ni watu binafsi, nendeni kwa sosiete za Leta, huko kuko usalama.» Kwa Kalemie hiyo ni chozi na kicheko pamoja. Mji huu ulikua na kompani. Reli ilifika ziwani mwaka 1915, kazi ya CFL, kompani iliyoundwa mwaka 1902 na yule Baron Empain wa Ubeleji, nayo ikapewa haki juu ya hektari milioni nne za udongo. Babu zetu hawakuulizwa. Baadaye ikaja Filtisaf na nyuzi na vitambaa vyake, na wazee wetu hadi leo wakipita pale wanasimama kidogo. Ndiyo maana, sisi tunavyoona, watu wa hapa wamezoea kumwona kompani kama baba: ndiye anayepiga kengele, anayetoa nyumba, anayetoa dawa, na akiondoka tunabaki yatima. Hatukuzoea kumwona kama mtu anayeweza kuitwa tribinali.

Reli na bandari leo ni za SNCC. Kwa sheria ya 7 Julai 2008, makampuni mengi ya Leta yalianza kugeuzwa kuwa sosiete za biashara, na SNCC ilikuwa moja yao. Wengi waliona ni kubadilisha kibao tu, na wafanyakazi wa reli walijua zaidi ya wote maana ya kungoja mishahara ya miezi na miezi. Lakini ile karatasi ina uzito. Zamani ukishinda kesi juu ya kampuni ya Leta, walikuambia mali ya Leta haishikwi. Umeshinda, rudi nyumbani na furaha yako. Tarehe 26 Aprili 2018 korti kubwa ya OHADA kule Abidjan ilikata kesi ya mdai mmoja wa Kongo dhidi ya Société des Grands Hôtels du Congo, ambayo Leta iko na hisa ndani yake. Korti ikasema: hii ni sosiete anonyme, sosiete ya sheria ya watu binafsi, haiwezi kujificha nyuma ya kinga ya Leta. Na sheria mpya ya OHADA juu ya kushika mali, iliyopitishwa Kinshasa tarehe 17 Oktoba 2023, imetaja wenye kinga: Leta yenyewe, mikoa na miji, na taasisi za umma. Sosiete za biashara hazikutajwa pale. Waavoka bado watabishana, ndiyo kazi yao. Lakini mfanyakazi mwenye hukumu mkononi asikubali tena jibu la «mali ya Leta» bila kuuliza: sosiete hii ni ya aina gani leo?

Tuje kwenye maji, maana hapo tunaandika kwa moyo mzito.

Desemba 2014 meli Mutambala ilizama kwenye ziwa letu. Watu zaidi ya mia moja walikufa. Waliosema wakati ule walisema mambo mawili: upepo mkali, na mzigo uliopita kipimo. Upepo hauna RCCM. Lakini mzigo una mtu aliyeupakia, na huyo mtu ana mtu aliyemwajiri. Kodi ya raia ya Kongo, kitabu cha tatu, ni ya mwaka 1888, mzee kuliko mji wetu, na kifungu chake cha 258 kinasema neno ambalo bibi yeyote angelisema: aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, anapaswa kuirudisha. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba bosi anajibu kwa kosa la mtu wake aliyemtuma kazi. Kwa hiyo mwenye boti hawezi kusema «ni nahodha». Nahodha ni mkono wake.

Ila nenda leo kwenye fasi yoyote ambapo maboti ya mbao yanapakia kwenda Moba, kwenda Uvira, kwenda vijiji vya Ubwari. Uliza boti hii ni ya nani. Utaambiwa: ya Mama Fulani, lakini mashine ni ya shemeji yake, lakini anayekodi ni kijana wa Kataki, lakini karatasi iko kwa jina la marehemu. Tiketi ni kipande kidogo kisicho na jina wala namba. Orodha ya abiria, siku zingine iko, siku zingine iko kichwani mwa mkusanya nauli. Boti ikizama, familia hazijui hata ni ngapi waliingia, sembuse ni nani wa kushitaki. Na wenye kuuza ndakala na mikebuka, wamama wetu, wanapanda tena kesho yake kwa sababu hawana njia nyingine.

Hatuwachukii wenye maboti. Wengi ni watu wa hapa hapa, wamekopa kununua mashine. Lakini tunawaambia waziwazi: mtu anayebeba roho za watu hamsini hana haki ya kuwa bila jina. Jiandikisheni. Kama ni mtu mmoja, kama ni watu watatu, kama ni koperativu, jina moja kwenye ubavu wa boti, jina lile lile kwenye tiketi, na orodha ya abiria ibaki inchi kavu kabla kamba haijafunguliwa. Hiyo orodha ni karatasi na bic. Kamisa wa bandari anayeachia boti iende bila orodha, naye yuko na jina, tutalitafuta.

Na Manono je? Tunajua mmekuwa mkingoja tufike hapo.

Watu wa Manono wamesikia neno litiamu kwa miaka mingi kuliko walivyoona faida yake. Hapo zamani ilikuwa Géomines na bati yake. Leo kuna Dathcom Mining, ambayo ndani yake mmekutana Cominière ya Leta na AVZ ya Australia, na ugomvi wa hisa umewafikisha kwenye wasuluhishi wa ng'ambo; kuna Zijin ya China, na kuna Manono Lithium ambayo Zijin wameiunda pamoja na Cominière. Wanagombania asilimia. Nani ana 15, nani ana 60, nani aliuza kwa nani na kwa bei gani. Kwenye ugomvi wote huo, mtu wa Manono hayupo. Yeye hana hisa. Mtu wa karatasi amezaliwa juu ya udongo wake na yeye hakualikwa kwenye ubatizo.

Lakini kutokuwa na hisa siyo kutokuwa na haki. Kodi ya mines, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, imeandika mambo ambayo kila kijana wa Tanganyika angetakiwa kuyajua kama anavyojua matokeo ya mupira. Rwayalti zikilipwa, 50 kwa mia zinaenda Kinshasa, 25 mkoani, 15 kwa entite ya mahali madini yanapotoka, yaani sheferi, sekta, komini au mji, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Tena sosiete inatakiwa kusaini cahier des charges na jamii, mkataba wa kazi zitakazofanywa. Na kifungu cha 258 bis kinaiamuru kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake yote ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii. (258 tena. Kama tungekuwa wacheza loto tungecheza namba hiyo.)

Angalieni vizuri neno lile: mauzo. Siyo faida. Sosiete haiwezi kuja kusema mwaka huu hatukupata faida. Imeuza, inatoa. Kwa hiyo siku watakapowaletea jezi, magunia ya mchele na tanki la maji lenye jina lao limeandikwa kubwa, wapokeeni kwa adabu, sisi ni watu wenye adabu. Kisha ulizeni mbele ya watu wote: hii ni zawadi, au imetolewa ndani ya 0,3? Kama ni zawadi, asante, na 0,3 yetu iko wapi? Kama ni 0,3, tuonyesheni mauzo, tupige hesabu pamoja. Zawadi inapotolewa kutoka deni, anayepewa ndiye anayedanganywa.

Tuna wakubwa wanaotuambia tusiwafukuze wawekezaji kwa maswali mingi. Tumewasikia. Mwekezaji wa kweli anajua maswali haya. Kwao anayajibu kila mwaka mbele ya wenye hisa. Anayekimbia swali la «mnaitwa nani na mnajibu kwa nini», huyo alikuwa na mpango wa kukimbia tangu mwanzo.

Sasa tujiangalie na sisi wenyewe. Ingekuwa aibu kuandika haya yote na kunyamaza juu ya vijana.

Ni wangapi kati yetu wana «asosiasio» ya wamotari, ya wachoma matofali, ya kuweka akiba, ambayo kasha liko chini ya kitanda cha prezida? Prezida akihama kwenda Lubumbashi, kasha limehama. Tumelia mara ngapi? Tunadai hesabu kwa Wachina na sisi hatuna hata daftari. OHADA ilitoa sheria ya koperativu huko Lomé tarehe 15 Desemba 2010: watu watano wanatosha kuanzisha ile ndogo, kumi na tano kwa ile kubwa, na kila mtu ana kura moja, aliyeleta dola mia na aliyeleta dola tano. Hiyo ndiyo aina inayofanana na namna tunavyoishi. Wachimbaji wadogo wa kule Manono na kwingine, wao hata hawana uchaguzi: tangu 2018 huwezi kupewa karatasi ya mchimbaji bila kuwa ndani ya koperativu. Na tumeona namna wakubwa fulani wanavyounda koperativu za jina tu, wao ndio wenye kila kitu, wachimbaji ni majina kwenye orodha. Koperativu ambayo mkutano wake mkuu haujawahi kukaa ni Ets iliyovaa nguo ya wenzake.

Na wewe mwenye kibanda cha kutuma makuta, uliyemwajiri binti wa jirani kuanzia asubuhi mpaka usiku, na kila upungufu unamkata yeye: kifungu cha 40 kinakuhusu wewe pia. Usituambie kwamba wewe ni mdogo. Yeye ni mdogo kuliko wewe.

Tunachoomba ni hiki. Kwa grefe ya tribinali: bandikeni ukutani ada ya kuona rejista ya RCCM, kwa falanga, ili mtu yeyote aijue kabla hajaingia ofisini. Kwa ofisi za mkoa na za mji zinazotoa kazi za barabara na majengo: kila panapochimbwa pawe na kibao chenye jina, aina, namba ya RCCM, jina la jeran na bei ya kazi, tangu siku ya kwanza, siyo siku ya kukata utepe. Kwa inspeksio ya kazi: tunajua hamna mafuta ya pikipiki. Semeni hivyo kwa sauti, tutasema pamoja nanyi.

Na kwenu, vijana wenzetu. Tumefungua daftari. Popote mnapoajiriwa, pigeni picha tatu siku ya kwanza: plaki ya lori, kibao au karatasi yenye jina, na ninyi wenyewe mkiwa kazini. Tuleteeni na jina la anayewalipa. Sisi tutapeleka maombi kwa grefe, moja moja, na majibu tutayaandika hapa hapa, hata likiwa jibu la «rejista haipatikani».

Wale 19 bado hawajalipwa. Mzee inspekta amesema faili liko wazi, kunakosekana jina tu. Yeyote aliyepiga picha ya lile lori la barabara, hata picha aliyopiga kwa mchezo, hata ikiwa inaonyesha nusu ya plaki, atuletee.